WhatsApp inagoma ukihama simu au ukiunganisha laptopu: dalili, chanzo na cha kufanya

Wakuu, kabla hujagusa chochote: usifute WhatsApp. Naanza na hili maana ndo ushauri wa kwanza kila mtu anapewa, "futa alafu pakua upya", na watu wengi waliopoteza chati hawakuzipoteza kwa tatizo lenyewe, walizipoteza kwenye huko kufuta. Picha za mtoto alipozaliwa, sauti ya mzee ambaye keshatangulia, oda za wateja, risiti za kodi ya nyumba, vyote vimo mle ndani, na ukishafuta bila kujua vinakaa wapi hakuna fundi atakayekurudishia.

Na hapo kwenye "vinakaa wapi" ndo penye mzizi wa karibu kila tatizo nitakalolitaja. Telegram, chati zako za kawaida zinakaa kwenye seva zao (kompyuta zao kubwa za mtandaoni), kwa hiyo ukiingia na simu yoyote au laptopu unakuta kila kitu kipo, isipokuwa zile chati za siri ambazo haziondoki kwenye kifaa kilichozianzisha. WhatsApp imejengwa tofauti kabisa. Chati zinakaa kwenye simu yako, seva yao kazi yake ni kupitisha meseji tu, ikishafika kwako kule inaondolewa. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya chati zako, nayo ni kitu kingine tena na inakaa kwa mtu wa tatu: simu ya Android inaweka kwenye akaunti yako ya Google, iPhone inaweka kwenye iCloud ya Apple, na hawa wawili hawasomeani hata kidogo. Kwa hiyo ukiona kitu kimepotea jiulize kwanza, hiki kilikuwa kwenye simu, kwa Google, au kwa Apple? Ukijibu hilo umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Dalili: umetoka Android umeingia iPhone, WhatsApp imefunguka tupu

Namba ni ile ile, magrupu yapo, majina yapo, ila hamna meseji hata moja. Chanzo ni hicho nilichosema, bakapu iko Google na iPhone haiwezi kuifungua, hata ukiingiza imeili yako ya Gmail kwenye hiyo iPhone mara mia haitaisoma. Magrupu unayaona kwa sababu uanachama uko kwenye seva, meseji huzioni kwa sababu ziko kwenye simu ya zamani.

Habari njema ni kwamba tangu 2022 kuna njia rasmi. Kwenye Android unapakua programu ya Apple inayoitwa Move to iOS, simu zote mbili unaziweka kwenye chaji, unaziunganisha waifai moja (au iPhone iingie kwenye hotspoti ya hiyo Android), namba ya simu iwe ile ile, alafu kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha unachagua WhatsApp. Android iwe toleo la 5 kwenda juu na iPhone iwe iOS 15.5 kwenda juu. Sasa penye mtego ni hapa: hii njia inafanya kazi pale iPhone inapowashwa kwa mara ya kwanza tu, kwenye zile hatua za mwanzo za kuiandaa. Kama umeshaiwasha, umeshaweka akaunti, umeshapiga na picha za wiki nzima, inabidi uirudishe kiwandani uanze upya. Inauma lakini ndo hivyo, na ni bora ufanye leo ukiwa na vitu vichache kuliko miezi mitatu mbele. Simu ya zamani usiiuze wala usiisafishe mpaka uhakikishe chati zimefika, maana kuhamisha hakufuti kilichopo kule, kinabaki mpaka wewe mwenyewe ukifute. Historia ya simu ulizopiga haihami, hiyo usiisubiri. Na ukishafika iPhone washa bakapu ya iCloud siku hiyo hiyo, ukikumbuka kwamba Apple wanatoa GB 5 tu za bure, chati zenye video za harusi zinazijaza mara moja.

Kuna watu wanalipia programu za kompyuta zinazodai kuhamisha WhatsApp kwa bofya moja. Mi siwezi kumshauri mtu. Unampa mtu usiyemjua chati zako zote, na kazi yenyewe inafanyika bure.

Kama unatoka iPhone kwenda Android njia ipo pia, ilianza 2021 kwa Samsung kisha Google Pixel, na sasa hivi simu nyingi zenye Android 12 kwenda juu zinakubali. Unahitaji waya wa kuunganisha simu mbili, na hapa tena ni wakati wa kuiandaa simu mpya, sio baada ya hapo.

Dalili: Android kwenda Android, lakini haikuuliza kurudisha chati

Hii ndo naiona sana, na inashangaza kwa sababu ilitakiwa iwe rahisi. Chanzo cha kwanza ni akaunti ya Google kuwa tofauti. Simu nyingi huku kwetu imeili ilifunguliwa na muuzaji dukani, mwenye simu haijui hata jina lake, akinunua simu nyingine anafunguliwa nyingine, sasa bakapu iko kwenye ile ya kwanza na simu mpya inatafuta kwenye ya pili. Ingia WhatsApp ya simu ya zamani, nenda mipangilio, chati, bakapu ya chati, utaona imeili gani inatumika na lini mara ya mwisho ilifanyika. Hiyo imeili ndo iingie kwenye simu mpya kabla hujaisajili namba.

Chanzo cha pili ni haraka. Swali la kurudisha linakuja mara moja tu wakati wa kusajili, ukibonyeza ruka limeondoka. Hapo ndo mahali pekee ambapo kufuta na kupakua upya kuna maana, ila sikiliza vizuri: kwanza zima bakapu ya otomatiki kwenye hiyo simu mpya, kwa sababu bakapu mpya ikifanyika inalalia juu ya ile ya zamani kwenye akaunti hiyo hiyo. Simu yenye chati tatu za leo asubuhi inaenda kufuta miaka mitano iliyokuwa Google. Ukilala bila kuizima inaweza kujifanyia yenyewe usiku wakati we unakoroma.

Chanzo cha tatu, nafasi. Zamani bakapu za WhatsApp hazikuhesabiwa kwenye zile GB 15 za bure za Google, lakini kuanzia mwishoni mwa 2023 na kuendelea 2024 walibadilisha, sasa zinahesabiwa pamoja na picha na imeili zako. Kwa hiyo kama akaunti ilijaa, bakapu ilishasimama kimya kimya miezi iliyopita na wewe unaamini ipo. Alafu bakapu isiyoguswa miezi mitano inaweza kufutwa yenyewe. Angalia tarehe, usiangalie tu kama imewashwa.

Na kama uliwasha ile bakapu yenye kufuli, ile inayotaka nywila au ufunguo wa tarakimu 64, ukiisahau hakuna wa kumpigia. Wala Google wala WhatsApp hawana nakala ya ufunguo.

Njia ninayoipenda mimi kwa Android mbili zote zikiwa mkononi haitumii Google kabisa. Tangu 2023 kuna kipengele cha kuhamisha chati kwenye mipangilio, simu ya zamani inaskani QR kodi ya simu mpya, wanaongea wenyewe kwa waifai, haili bando, haijali akaunti wala nafasi. Waifai na lokesheni ziwashwe, simu zikae karibu, usitoke kwenda kujibu meseji katikati.

Kama simu ya zamani kioo kimekufa lakini ukiichomeka kwenye kompyuta inakubali kufunguka, usikate tamaa. WhatsApp ya Android huwa inaweka nakala ndani ya simu yenyewe, kila siku saa nane usiku, na zinakaa za siku kama saba za mwisho. Fungua folda ya Android, ingia media, com.whatsapp, WhatsApp, Databases, utaona mafaili yanayoanza na msgstore. Nakili folda nzima ya WhatsApp uipeleke sehemu ile ile kwenye simu mpya kabla ya kusajili namba. Hata kama simu ya zamani ni nzima nakushauri uinakili nje kwanza, usiamini kwamba ukifuta programu folda itabaki.

Hii pia ndo njia ya wenye Huawei zilizotoka baada ya Marekani kuweka vikwazo Mei 2019, zile zisizo na huduma za Google. Bakapu ya Google kule haipo, kwa hiyo ni QR kodi au folda.

Wenye GB WhatsApp na ndugu zake, zile WhatsApp zisizo rasmi: Move to iOS inahamisha ile rasmi tu, na akaunti inaweza kufungiwa muda wowote, utakuta saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini. Kabla ya kuhama simu rudi kwanza kwenye ile rasmi, ukiwa bado kwenye Android.

Dalili: ukiingia simu ya pili, ya kwanza inatoka

Umesajili namba moja mara mbili. Namba inaweza kuwa na simu kuu moja tu, ukisajili upya kwingine ya kwanza inafukuzwa. Tangu Aprili 2023 simu ya pili inaingia kama kifaa kilichounganishwa: pale inapouliza namba, usiandike, bonyeza vidoti vitatu juu uchague kuiunganisha kama kifaa cha ziada, itatoa QR kodi unaiskani na simu kuu. Unaruhusiwa vifaa vinne mbali na simu kuu, kwa hiyo laptopu ya kazini, tableti, simu ya pili, zote zinaingia. iPad nayo ilipata WhatsApp yake Mei 2025, kabla ya hapo watu walikuwa wanahangaika na brauza.

Dalili: laptopu inakutoa kila baada ya muda

Vifaa vilivyounganishwa siku hizi vinafanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, sio kama ile ya 2015 ambapo simu ikikosa mtandao na kompyuta inakufa. Lakini simu kuu ikikaa siku 14 bila kufunguliwa, vyote vinatolewa. Hii inawakuta sana watu walio nje, laini ya nyumbani iko kwenye kisimu kwenye droo, wao wanatumia laptopu tu. Washa hicho kisimu, fungua WhatsApp, iache ishike mtandao dakika chache, rudisha droo. Ukizembea zaidi, siku 120 bila kutumika akaunti inaweza kufutwa.

Na wewe uliye Muscat au Minneapolis na namba ya +255 isiyopokea meseji huko uliko, narudia kwa herufi zote, usifute WhatsApp. Namba ya uthibitisho ya kusajili inatumwa kwa SMS au kwa kupigiwa, laini haishiki mtandao, utaipokelea wapi? Ukitaka kuhamia namba ya huko tumia kipengele cha kubadilisha namba ukiwa bado umeingia. Maana laini ya nyumbani ikikaa muda mrefu bila matumizi kampuni inaweza kumgawia mtu mwingine, naye akijisajili we unatolewa.

Tukiwa hapo hapo: picha za kuangalia mara moja hazifunguki kwenye laptopu, sio kwamba imeharibika, wamezuia makusudi. Fungua kwenye simu.

Dalili: "inasubiri ujumbe huu, inaweza kuchukua muda"

Watu wanadhani ni bando. Sio bando. Tangu Aprili 2016 kila meseji inafungwa kwa kufuli kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, na kila kifaa kina funguo zake. Ukibadilisha simu au ukiinstoo upya unapata funguo mpya, sasa meseji iliyofungwa kwa funguo zako za zamani inafika na simu yako haiwezi kuifungua. Simu yako inaomba ya mtumaji ifunge upya, na hiyo inatokea pale mtumaji atakapokuwa na WhatsApp wazi na ana mtandao. Basi. Mpigie mwambie "fungua WhatsApp yako kidogo", mara nyingi meseji inajitokeza yenyewe. Wote wawili muapdeti. Ukianza kuinstoo upya ili kuiharakisha unatengeneza funguo nyingine tena na tatizo linazaliwa upya, nimeona watu wanazunguka hapo siku nzima.

Dalili: meseji haziingii mpaka ufungue programu

Kwenye Tecno, Infinix, itel na Redmi hii ni kawaida mno, na mwenye iPhone akikuambia "mbona mimi zinaingia" usimjibu, mifumo ni tofauti. iPhone zote zinapokea taarifa kupitia mlango mmoja wa Apple, kwa hiyo hata programu ikiwa imelala inaamshwa. Android nayo ina mlango wa Google, lakini watengenezaji wameongeza vitu vyao vya kulinda betri ambavyo vinaua programu nyuma ya pazia, kuna na ile ya kusafisha simu inayokuja nayo, unabonyeza "safisha" unafurahi memori imepungua kumbe umeiua WhatsApp. Nenda mipangilio, programu, WhatsApp, betri, weka isizuiwe. Kwenye Redmi ruhusu ijiwashe yenyewe. Toa WhatsApp kwenye orodha ya vinavyosafishwa. Alafu hakikisha hujawasha kubana data bila kuiruhusu WhatsApp.

Kwenye iPhone ikitokea, mara nyingi ni hali ya usisumbue imewashwa kwa ratiba.

Dalili: meseji zinaenda, kupiga hakuendi

Kama mmoja wenu yuko Dubai au Abu Dhabi, acheni kutafuta kosa kwenye simu. Umoja wa Falme za Kiarabu wanazuia simu za WhatsApp kwenye mtandao wao, meseji na voisi noti zinapita, kupiga hakupiti, na haijalishi namba ni ya Tanzania au ya Kenya, wanaangalia mtandao uliopo sio namba. Dada zetu wanaofanya kazi kule wengi wanatumia Botim ambayo ina kibali, na wewe wa nyumbani pakua hiyo hiyo ili muonane. VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kule usimshauri mtu kirahisi, sheria zao ni kali na anayebeba mzigo ni yeye, sio wewe uliyemtumia linki.

Huku nyumbani nako yapo. Uganda walifunga Facebook Januari 2021, Tanzania mtandao wa X (zamani Twitter) ulifungwa Mei 2025. Dalili yake ni kwamba programu moja inakufa kwenye laini zote wakati nyingine zinapeta, na ndugu aliye nje anakuambia kwake iko sawa. Hapo kuapdeti hakusaidii kitu.

Na kuna siku inakufa dunia nzima. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takribani saa sita kwa sababu walikosea wenyewe kwenye mitambo yao ya mtandao. Aliyefuta WhatsApp siku hiyo akidhani simu yake ndo mbovu hakuweza hata kusajili upya mpaka waliporudi. Kabla ya kushika setingi, uliza mtu mmoja wa nchi nyingine.

Dalili: umeweka namba ya nje, majina yote yamegeuka namba

Uliwasevu watu kwa 07 na 06. WhatsApp inakisia nchi kutokana na namba yako, sasa ukisajili ya +968 au +44 inazisoma zile kama za Oman au Uingereza, inakosa watu. Ondoa sifuri ya mwanzo weka kodi ya nchi, +255 Tanzania, +254 Kenya, +256 Uganda, +243 Kongo. Sevu hivyo tangu leo hata kama husafiri, na uzihifadhi kwenye akaunti ya Google badala ya kwenye laini, ndo zitakufuata hata iPhone.

Dalili: faili limefika lakini halifunguki

Picha ya HEIC. iPhone tangu iOS 11 zinapiga picha kwa muundo huo, ukituma kama picha WhatsApp inaibadilisha yenyewe, ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora inafika hivyo hivyo na Android ya zamani au kompyuta ya ofisini inaikataa. Mwenye iPhone aingie mipangilio, kamera, muundo, achague ule unaokubalika zaidi, kuanzia hapo zitatoka JPEG. Voisi noti ukizitoa nje ya WhatsApp zinakuwa faili la opus, simu au kompyuta ikigoma pakua VLC.

Dalili: inasema simu hii haikubaliki tena

Android za kabla ya toleo la 5 zimeshaachwa, na kuanzia Mei 2025 iPhone iwe iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo iPhone 6 imeshaachwa nyuma. Vitochi vyenye KaiOS, ule mfumo wa simu za vibonyezo, navyo vilifungiwa kupakua Juni 2024. Hapa hakuna ujanja wa setingi. Ila kabla ya kukimbilia dukani angalia tarehe na saa ya simu, maana ikirudi nyuma sana au ikienda mbele WhatsApp inagoma kufunguka ikidai tarehe sio sahihi, mtu anaweza akanunua simu mpya kwa tatizo la kuweka saa. Weka itumie saa ya mtandao, zima washa, ujaribu tena.